Mgongo unauma miezi na miezi na sasa unaogopa hata kuinama: vidonge na kitanda, fizio wa mashine, fizio wa kukurudisha, au kikundi cha kuongea?

Shemeji yangu anaendesha boda hapa Busia upande wa Uganda, mgongo umemshika tangu mwezi wa pili na haujamwachia, juzi akaniuliza kwa WhatsApp achague nini kati ya njia zote ambazo watu wanamwambia. Nikaanza kumjibu kwa sauti, nikaona nimefika dakika kumi na bado niko mwanzo, nikasema bora niandike na wengine wasome, manake hapa mpakani watu wa kubeba mizigo, wa malori, wa kukaa kwa pikipiki mchana kutwa ni wengi mno na huu ugonjwa tunaujua.

Mimi sio daktari wala fizio, yani mtaalamu wa tiba ya viungo. Nauza mivumba sokoni, nguo za mitumba. Miaka minne iliyopita tulikuwa tunainua belo la kilo 45, mwenzangu akaachia upande wake kabla yangu, nikasikia kiuno kimekata. Maumivu yenyewe ningeyavumilia, kilichonimaliza ni neno. Nilienda kliniki moja ya kulipa, wakanipiga picha, aliyesoma ile picha akaniambia mbele ya mtoto wangu, "Mama, mgongo wako umeisha, ukiinama vibaya utakaa kwa kiti cha magurudumu." Nilitoka pale natembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai kichwani, na nikatembea hivyo karibu miaka miwili.

Hio miaka miwili nataka uione vizuri, sababu ndio inaeleza kwa nini nachagua ninavyochagua. Kitu kikianguka chini nakiokota kwa vidole vya mguu. Jerikeni za maji zinavutwa na mtoto wa darasa la nne huku mimi nimesimama mlangoni naona aibu. Kufagia na ule ufagio wetu mfupi niliacha kabisa. Kubwa zaidi, nikaacha kupiga magoti kumsalimia mama mkwe, na huku kwetu unajua hio inamaanisha nini, alikuja mara ya kwanza nikamsalimia nimesimama akanyamaza, mara ya pili akasema kwa watu kwamba pesa za mivumba zimenipanda kichwani. Nililia usiku mzima. Sikulia kwa mgongo.

Baadaye nilikuja kuambiwa kitu kuhusu zile picha ambacho natamani ningekijua siku ile ile. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za migongo ya watu ambao HAWANA maumivu kabisa, wakakuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wa miaka 80. Yani ni kama mvi. Picha yangu haikusema nimeisha, ni yule mtu ndiye alisema.

Kabla ya kuchagua chochote, hapa usinipite haraka. Kama mkojo au choo kinakutoka bila kujua au mkojo umegoma, kama matako na sehemu za siri, pale panapokaa kwa tandiko, pamekufa ganzi, mguu unazidi kulegea, una homa za usiku na unakonda, umewahi kuwa na kansa, au umeanguka vibaya, usisome ulinganisho, nenda hospitali leo. TB ya mgongo ipo Uganda na inaanza kama maumivu ya kawaida tu, inapimwa na inatibika. Haya ninayoandika ni ya mtu ambaye ameshapimwa, hakuna kitu kibaya kilichojificha, na maumivu yamepita miezi mitatu. Hapo ndipo yanaitwa maumivu sugu.

Na kwa nini woga unaingia hapa? Nyama na mishipa iliyoumia mara nyingi inakuwa imeshapona kwa huo muda, lakini neva zinabaki kama askari wa geti aliyewahi kuibiwa, sasa hata paka akipita anapiga filimbi. Wewe unasikia filimbi unadhani mwizi yumo ndani. Unaogopa, unaacha kujongea, mwili unalegea, raha zinaisha, usingizi unapotea, na mwili uliolegea wenye huzuni unauma zaidi, unarudi palepale. Huu mzunguko waliuandika vizuri watafiti wawili, Vlaeyen na Linton, mwaka 2000 na mpaka leo mafizio wengi wanaufuata. Wahenga wetu walishasema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sasa njia zenyewe.

VIDONGE NA KITANDA

Siku mbili tatu za mwanzo, sawa, kila mtu anapumzika. Shida ni mwezi wa tatu, wa sita. Kwa woga hii njia ni mbolea kabisa, manake kila siku unayolala unajiambia "nimejikinga", na siku ukiamka unajisikia dhaifu unasema "si unaona". Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya mgongo wa chini Desemba 2023, na vidonge vya kundi la diklofenaki na ibuprofeni wanakubali vinaweza kutumika, lakini vinachubua tumbo, vinasumbua figo na presha, sio vya kumeza kila siku mwaka mzima kwa sababu duka la dawa liko karibu na stendi. Tramado na ndugu zake wa kundi la opioidi mwongozo unasema hapana kwa mgongo wa aina hii. Hata ile mikanda ya kiuno inayouzwa barabarani, hapana. Mimi nilikuwa nayo miwili.

Hapa watu wananiuliza, mbona Uganda tunasifiwa kwa morfini ya kunywa? Ni kweli, Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993 na Dk. Anne Merriman, na watu wenye kansa wamepata kufa na kuishi bila mateso kwa sababu ya ile dawa, naiheshimu sana hio kazi. Lakini maumivu ya kansa na maumivu ya kiuno changu ni vitu viwili, usimwombe muuguzi akupe morfini ya mgongo.

FIZIO WA MASHINE NA MASAJI

Huyu ndiye tunampenda. Unalala, anakupaka mafuta, anakukanda, anakuwekea ile mashine ya umeme inatekenya, unatoka mwepesi. Nilienda mara kumi na nne. Nilikuwa natoka vizuri Ijumaa, Jumapili iko palepale. Masaji yenyewe siikatai, hata ule mwongozo haujaikataa, ila mashine ya umeme wa ngozi, ile ya mawimbi ya sauti, na kuvutwa mgongo kwa kamba wanasema visitumike kama tiba ya kawaida ya mgongo sugu.

Kwa woga je? Inategemea mdomo wa fizio. Wangu alikuwa mtu mzuri sana kwa mikono, lakini kila mara aliniambia "nimerudisha pingili mahali pake", sasa mimi kichwani nikielewa kwamba hio pingili inatoka, na inaweza kutoka tena nikiinama kuosha sufuria. Miezi yote ile hakuna siku hata moja aliniambia niiname mwenyewe. Nilikuwa nimelala, yeye anafanya. Ukiwa na woga mkubwa hii njia ikiwa peke yake inakuacha na woga wako, na pesa imeenda.

FIZIO WA KUKURUDISHA

Hapa ntakaa kidogo.

Siku ya kwanza huyu fizio hakunigusa. Alinipa maswali, moja ni skeli ya Tampa, maswali 17 kuhusu woga wa kujongea, alama zinaanzia 17 mpaka 68 na wengi wanahesabu kuzidi 37 kama woga mwingi. Ananisomea kwa Kiswahili: unaogopa kwamba ukifanya mazoezi utajiumiza? Mwili wako unakuambia kuna kitu kibaya sana? Nilipata 51. Nilimtazama nikamuuliza ina maana nadanganya, maumivu ni ya kichwani? Akasema, "Hapana mama. Maumivu yako ni ya kweli na woga wako ni wa kweli, na huu woga ulifundishwa, hukuzaliwa nao." Sijasahau.

Akanipa karatasi niandike vitu ninavyoogopa, kutoka kidogo mpaka kikubwa. Chini kabisa niliandika kuokota kijiko. Kisha kufagia, kupiga magoti, jerikeni ya lita tano, ya kumi, ya ishirini, na juu kabisa nikaandika BELO kwa herufi kubwa na nikaweka mstari chini yake.

Jerikeni nakumbuka kila kitu. Ilikuwa ya njano, ya lita tano, imejazwa mpaka shingoni, ameiweka kwenye sakafu ya simenti katikati ya chumba. Akauliza kabla ya kunyanyua, unadhani nini kitatokea? Nikasema diski itachomoka, ntaanguka, hamtaniinua. Akasema una uhakika kiasi gani kati ya kumi? Nikasema nane. Basi inua. Mikono ilikuwa na jasho mpaka kishikio kinateleza. Niliinama nimekaza mwili wote kama ubao, akasema pumua, legeza tumbo, inama kama ulivyokuwa unainama ukiwa msichana. Nikainua. Iliuma, sisemi haikuuma. Lakini sikuanguka. Nikaiweka, akauliza tena: nini kimetokea? Nikanyamaza, sababu jibu lilikuwa "hakuna". Tukarudia mara sita. Mara ya sita uhakika wa kuanguka ulishafika mbili.

Hio ndio siri yake, anachokijaribu ni ile ndoto mbaya uliyonayo, nguvu zinakuja zenyewe nyuma yake. Tofauti na gym kabisa. Kuna utafiti wa Australia uliotoka 2023 na watu 492 wenye mgongo sugu, waliopata fizio wa namna inayofanana na hii, vikao visivyozidi saba kwa wiki 12 na kimoja cha kukumbushia baadaye, walibaki wanafanya kazi zao vizuri zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mwaka ulipoisha bado tofauti ilikuwepo. Vikao saba! Na mimi kwa masaji nilienda kumi na nne.

Ina ndugu yake, na hapa watu wanachanganya. Kuna watu hawaogopi kuinama, tatizo lao ni kwamba siku mgongo ukiwa mzuri wanafanya kazi zote za wiki, kesho wanalala siku tatu. Kwa hao kuna njia ya kupandisha kazi kwa hesabu, ilianza miaka ya 1970 kule Marekani na mtu anaitwa Fordyce: unapanga leo natembea dakika kumi, unasimama zikifika kumi hata kama unajisikia simba, na kesho unafika kumi hata kama unauma kidogo, wiki ijayo kumi na mbili. Saa ndio inaamua, maumivu hayaamui. Mimi ningepewa hii peke yake nadhani isingenisaidia sana, ningetembea dakika zangu nikiwa bado nimekaza kama ubao.

Ubaya wa njia hii niuseme pia. Wiki mbili tatu za kwanza unaweza kuuma zaidi, na kama hakuna aliyekuandaa utakimbia. Inataka uifanye nyumbani kila siku, na mtu mmoja pale nyumbani akikupigia kelele "wacha hio jerikeni utavunjika!" kazi ya wiki inarudi nyuma, mimi ilibidi nije na mume wangu kikao cha tatu ili asikie mwenyewe. Na sio kila fizio anaifanya. Piga simu uulize maswali mawili: kwenye kikao mimi mwenyewe ntafanya nini? Na zoezi likiniuma tunafanyaje? Akijibu "wewe utalala tu" au "ikiuma tunaacha kabisa", shukuru kwa adabu uendelee kutafuta.

KIKUNDI CHA KUONGEA AU KAUNSELA

Hii njia watu wanairuka kwa sababu ya neno moja: Butabika, ile hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili kule Kampala. Ukimwambia mtu mwenye mgongo aone mtu wa afya ya akili anakujibu "unanipeleka Butabika?" na anakasirika kwa haki, manake anasikia unamwambia maumivu yake ni uongo. Sio hivyo. Ukiumwa mwaka mzima bila kulala, ukakosa kazi, watu wakakuona mvivu, utahuzunika, ungekuwa jiwe ndio usingehuzunika. Na kwa hili huna haja ya kufika Kampala, hospitali kubwa za rufaa za mikoa kama Mbale zina kitengo cha afya ya akili.

Yule fizio alinipa pia maswali mengine tisa, yanaitwa PHQ-9, alama 0 mpaka 27, na ukifika 10 kwenda juu inabidi uangaliwe huzuni. Nilipata 14. Hapo ndipo nilijifunza kwamba woga na huzuni ni vitu viwili. Wanaweza kuja pamoja kama kwangu, na wanaweza kuja mmoja mmoja. Kuna mzee jirani yangu, dereva wa lori mstaafu, anainama analima vizuri tu, haogopi kitu, lakini hali, haongei, anasema maisha yameshaisha. Huyo ukimpa jerikeni umemkosea, dawa yake haiko pale.

Na kwa kikundi Uganda hatuna cha kuona aibu, dunia imejifunza kwetu. Utafiti uliochapishwa 2003 ulifanywa vijijini Rakai na Masaka, vijiji 30, walianza kwa kuuliza watu wenyewe huzuni wanaiitaje, wakapewa maneno ya Kiganda, yo'kwekyawa na okwekubazida, kujichukia na kujihurumia. Vikundi vilikutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa kazi, na huzuni ilishuka sana kuliko kwenye vijiji ambavyo havikupata. Ule haukuwa utafiti wa maumivu ya mgongo, niseme wazi, na kikundi hakitakufundisha kuinua kitu. Ila ukiwa huna hamu ya kuamka hutafanya zoezi lolote la fizio, kwa hio kwa wengine hiki ndicho kinafungua mlango. Muulize VHT, yule mhudumu wa afya wa kijiji chako, kama kuna kikundi karibu. Na kama unafikiria kujitoa uhai, hio ni hospitali leo leo, sio wiki ijayo, na mwambie mtu mmoja kabla hujalala.

PESA NA MUDA

Kwa haraka tu. Hospitali za serikali ada zilifutwa 2001, nje ya zile wodi za kulipa, kwa hio gharama yako kubwa ni nauli na siku nzima ya foleni. Vidonge vinaonekana rahisi lakini nilipohesabu risiti za miaka miwili nilikaa chini. Masaji inakula pesa bila mwisho manake haina siku ya kumaliza. Fizio wa kukurudisha wa kulipa ni ghali kwa kikao, lakini ana mwisho, mwombe akuambie mapema vikao vingapi. Vikundi vingi havilipishi.

Sasa ningechagua nini? Kwangu mimi mwenye 51 ya woga na 14 ya huzuni, fizio wa jerikeni kwanza, na kaunsela pembeni, na ndivyo nilivyofanya. Masaji naenda mara moja moja kama mtu anavyoenda saluni. Belo siinui peke yangu, hakuna anayepaswa kuinua kilo 45 peke yake, lakini nashika upande wangu.

Lakini shemeji, wewe sio mimi, na hapa nimebadilisha nilichotaka kukuambia mwanzo. Jana nimekusomea yale maswali kwa simu ukacheka ukasema kuinama huogopi, juzi umebeba kreti tatu za soda. Ni kweli, halafu ukalala siku mbili. Na ulipofika kwenye yale tisa ulinyamaza kwa muda mrefu, ukasema usingizi hamna tangu mkopo wa pikipiki ulivyochelewa. Kwa hio usije kwa fizio wangu ukaombe ile orodha yangu ya woga, ya kijiko mpaka belo. Mwombe akupangie kazi kwa hesabu: saa ngapi kwa boda kabla ya kushuka utembee, abiria wangapi wa milima kwa siku, na usizidishe siku ukijisikia vizuri. Na siku hio hio ukiwa Mbale pitia kile kitengo kingine, uwaambie habari ya usingizi kama ulivyoniambia mimi. Twende Jumatano, siku ya soko nimeshapata mtu wa kushika meza yangu.